Namna ya kupata video na sinema za zamani za kwetu bure mtandaoni, hata kwa bando la kuunga unga

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi nafundisha historia sekondari hapa Dodoma na kila mwaka tukifika mada ya ukoloni wanafunzi wanauliza swali lile lile, mwalimu hivi hakuna video? Kitabu kina picha moja imefifia mpaka huelewi kama ni mtu au ni mti, na mtoto wa sikuhizi amezoea kuona kitu kinatembea. Mwanzoni nilikuwa najibu hakuna. Nilishajaribu, nikataipu "Dodoma ya zamani" nikaletewa matangazo ya viwanja na nyimbo za harusi, nikafunga simu nikaamini kweli hatuna. Sio kweli. Zipo, nyingi tu, na za bure, ila zimekaa kwa majina ya waliozipiga sio kwa majina yetu, sa ukitafuta kwa maneno yako utazunguka mpaka bando likate. Nimeshatumia miaka kadhaa kwenye hili jambo na linaniuma sana kuona watu wazima wanaondoka bila kuona sura za baba zao zilizoko kwenye mikanda hiyo, kwahiyo naelekeza hapa hatua kwa hatua ninavyofanya.

Kwanza uelewe kwanini ziko mbali. Huku bara televisheni zimeanza 1994, Zanzibar walitutangulia toka miaka ya 70 mwanzoni. Kampuni ya Filamu Tanzania, ile ya serikali, imeundwa 1968. Kabla ya hapo kamera zilizokuwa zinapiga picha za kutembea hapa kwetu zilikuwa za serikali ya mkoloni, za wamisionari, na za waandishi wa nje waliokuja siku tatu wakaondoka na mkanda. Mkanda ukaenda kusafishwa London au Berlin, ukawekewa sauti ya mtangazaji wa kwao, ukaandikwa kwenye leja ya kwao kwa maneno ya kwao. Leja hiyo hiyo ndiyo imekuja kuingizwa kwenye kompyuta. Kwahiyo unapotafuta video leo unaongea na karani wa mwaka 1948, na karani huyo hajui neno "karanga", anajua "groundnut".

HATUA YA KWANZA: daftari kabla ya simu

Usiwashe data bado. Kaa na daftari uandike unatafuta nini hasa. "Historia ya Tanzania" ni pana mno, hutapata kitu. Chagua tukio moja, mahali pamoja, miaka kama mitano au kumi. Halafu jiulize mambo matatu: wakati huo nani anatawala, mahali palikuwa panaitwaje, na mgeni gani mkubwa alipita.

Kuhusu nani anatawala, majina ya nchi yenyewe yanabadilika na hapa ndipo wengi wanapotea. Enzi ya Mjerumani taipu "Deutsch-Ostafrika" au "German East Africa". Hata Mpwapwa yetu kwenye maandishi ya Kijerumani utaikuta "Mpapua", ukitaipu Mpwapwa kwa usahihi kabisa hutapata kitu, usahihi wako ndio unakuangusha. Baada ya vita ya kwanza ya dunia mpaka 1961 ni "Tanganyika Territory" au "Tanganyika" tu, na huku kwetu ni "Central Province". Halafu kuna kipindi kifupi watu wengi wanakisahau, Muungano umefanyika tarehe 26 Aprili 1964 lakini jina Tanzania limeanza kutumika Oktoba mwaka huo, kwahiyo video ya Juni 1964 inaweza kuwa imeandikwa "Tanganyika and Zanzibar" na ukitaipu Tanzania inakupita pembeni.

Kuna maneno mengine yanauma kuyaandika. Kwenye maelezo ya sinema za kikoloni watu wetu hawana majina, wameandikwa "natives", wameandikwa "tribesmen", wameandikwa "boys" na ni wanaume wenye wajukuu. Nilikataa kuyataipu kwa muda mrefu. Baadae nikaona nikikataa mimi wale wazee wanaendelea kufungiwa ndani ya neno hilo hilo wala hakuna anayewafungulia. Sa hivi nataipu, nikishaipata video naandika jina sahihi kwenye daftari langu.

Kuhusu mgeni mkubwa, hii ni njia nzuri sana na wachache wanaitumia. Kamera za habari zilikuwa hazifuati sisi, zilikuwa zinafuata wageni, na sisi tumeingia kwenye picha kwasababu tulisimama nyuma ya mgeni. Kwahiyo mtafute mgeni utuone sisi. Mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa nane, alikuwa safarini Tanganyika 1928 na alikuwa huku huku Dodoma alipoletewa habari kwamba baba yake mgonjwa mahututi. Princess Margaret alikuja Tanganyika 1956. Prince Philip alikuwepo Dar usiku wa uhuru Desemba 1961. Zhou Enlai wa China alikuja Juni 1965. Na kinyume chake, Mwalimu Nyerere akienda kwa watu kamera zinamfuata kule, kwa mfano Julai 1963 alikwenda Washington kuonana na Kennedy, sa mkanda wa tukio kama hilo utautafutia Marekani sio Dar.

Nawapa na vibadala vichache ninavyovitumia sana. Reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 mpaka 1975, waandishi wa magharibi waliiita "Tanzam", taipu hivyo. Kambi za wapigania uhuru pale Kongwa jaribu "FRELIMO", "guerrilla camp", "freedom fighters" ukiunganisha na Tanzania. Vijiji vya ujamaa bahati nzuri neno "Ujamaa" waliliacha kama lilivyo. Wagogo jaribu "Gogo", "Wagogo" na "Ugogo", yote matatu.

HATUA YA PILI: pa kuanzia

Mimi naanza na archive.org kila mara. Hii ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 1996 na Brewster Kahle kule San Francisco, ni shirika lisilo la kibiashara, hulipii kitu na kwa video nyingi huhitaji hata kujisajili. Ukifungua andika neno lako kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu usianze kushuka na matokeo yote maana utaletewa vitabu na redio na kila kitu. Nenda kwenye vichujio, kwenye simu vimejificha kidogo inabidi ubonyeze neno "Filters", chagua "movies", kisha punguza kwa miaka. Ukichagua miaka angalia kitu kimoja, wapo wanaopandisha video bila kuandika mwaka, hizo zinapotea ukichuja, kwahiyo fanya mara mbili, mara ya kwanza kwa mwaka na mara ya pili bila mwaka.

Humo ndani kuna mkusanyiko unaitwa Prelinger Archives, ni wa bwana Rick Prelinger aliyeanza kukusanya mwaka 1982 sinema ambazo watu walikuwa wanazitupa, za matangazo, za viwandani, za mashuleni, za familia. Nyingi ni za Marekani lakini kuna safari za watu waliokuja Afrika na kamera zao ndogo. Hizi za familia mimi nazipenda kuliko za habari, mtalii hakuwa na ujumbe wa kuupeleka, alipiga soko, akapiga mama anauza ndizi, akapiga stesheni, na hivyo ndivyo vitu ambavyo serikali haikuona umuhimu wa kuvipiga.

Halafu kuna sinema za habari. Zamani kabla ya televisheni watu wa Ulaya walikuwa wanakwenda sinema na kabla ya picha yenyewe wanaonyeshwa habari za dakika mbili tatu. Kampuni ya British Pathé ilikuwa inatengeneza hizo, na Aprili 2014 wameweka YouTube filamu kama 85,000 kwa mpigo. Mwaka uliofuata shirika la habari la AP na British Movietone, nayo ya sinema za habari, wakaweka zaidi ya 550,000. Hizo ni namba ambazo mtu hawezi kuzimaliza hata akistaafu. Sasa ujanja wa YouTube ni huu, usitafute kwenye kisanduku cha juu cha YouTube nzima, utamezwa na wanaosimulia historia kwa picha za kuokoteza. Ingia kwenye chaneli yenyewe, tafuta alama ya kile kioo cha kutafutia ndani ya ukurasa wa chaneli, taipu hapo. Na kile kichujio cha tarehe cha YouTube kiache, kinahesabu siku video ilipopandishwa sio siku ilipopigwa, na 1961 YouTube yenyewe haikuwepo.

Ya tatu ni ya muhimu sana kwetu, colonialfilm.org.uk. Hii ni katalogi ya sinema zilizopigwa kwenye makoloni ya Waingereza, ina orodha ya filamu zaidi ya 6,000 na kama 150 kati ya hizo zimewekwa uzitazame. Unaweza kuchagua kwa nchi, nenda Tanganyika. Usivunjike moyo ukikuta filamu nyingi ni maelezo tu bila video, yale maelezo ni dhahabu, yanakupa jina kamili la filamu, mwaka, aliyetengeneza na mahali mkanda ulipo, na ukishapata jina kamili unarudi nalo archive.org na YouTube, mara kadhaa utakuta mtu ameshaiweka.

Hapo ndipo nilipojifunza habari za Vugiri, na naomba nikae nayo kidogo maana hata walimu wenzangu wengi hawaijui. Mwaka 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa sinema za kuelimisha Waafrika, makao yake Vugiri milima ya Usambara, fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza filamu 35 ndani ya miaka hiyo miwili wakazungusha kwa lori vijijini Afrika Mashariki na kwengine. Filamu za safura, za kilimo, za kutunza fedha, zimeigizwa na watu wa hapa hapa. Zilizobaki ni chache mno. Kuna moja ya 1936 inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro, yaani ukitoka Dodoma na basi unapita pale pale. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudia mara nne, hawa ni watu wetu wanaigiza kwenye sinema miaka ile, na tumekua tukiambiwa filamu Tanzania zimeanza juzi.

Nyingine nazitaja haraka. Maktaba ya Congress ya Marekani, loc.gov, ina sehemu inaitwa National Screening Room, unatazama na kupakua, wana hadi picha za Theodore Roosevelt alivyokuja kuwinda Afrika Mashariki 1909. Umoja wa Mataifa wana maktaba yao ya video, na sisi tulikuwa nchi ya udhamini chini yao, Mwalimu alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini New York Machi 1955, kwahiyo Tanganyika imo kwenye makabrasha yao. Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ina filamu za kutazama bure kwa mtandao, tatizo ni Kijerumani, tumia programu ya kutafsiri. Wikimedia Commons kuna video chache ila ukiipata ujue ruhusa yake iko wazi. BFI Player, ya taasisi ya filamu ya Uingereza, ina sehemu ya bure nzuri sana lakini inafunguka kwa walioko Uingereza tu, ukiona inagoma sio simu yako mbovu.

Na kama unachotafuta ni ngoma, usiishie kwenye picha. Hugh Tracey alirekodi sauti za muziki wa Wagogo mwaka 1950 na mkusanyiko wake uko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, kule Makhanda Afrika Kusini, mtandaoni unausikiliza. Weka sikioni zile ala za Kigogo, ilimba na zeze, halafu nenda katazame video za marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003, mtoto wa hapa hapa Dodoma, utasikia kabisa mto ni ule ule.

HATUA YA TATU: bando

Hapa nawaongelea wenzangu wa bando la siku. Kutazama mara mbili ni kulipa mara mbili. Video unayoihitaji ipakue mara moja. Kwenye archive.org shuka chini ya video utaona "Download options", humo kuna faili la ukubwa tofauti tofauti. Usikimbilie la kwanza, linaweza kuwa GB nzima kwa filamu ya dakika kumi. Tafuta lililoandikwa "512Kb MPEG4" kama lipo. Hesabu yake ni rahisi, 512Kb kwa sekunde ukigawa kwa nane ni KB 64 kila sekunde, dakika kumi ni sekunde 600, unapata MB 38 na kitu. Hiyo hata bando la elfu moja linabeba na chenji inabaki ya kutuma meseji. Picha yenyewe ya 1948 haikuwa safi kiasi hicho, kwa kioo cha simu hutaona tofauti kubwa, kwa projekta ya darasani ndio utaona kidogo.

Mimi napakua usiku, kuanzia saa sita, mtandao unakuwa mwepesi na yale mabando ya usiku ni nafuu. Ikikatika katikati usianze upya, programu nyingi za kupakua zinaendelea pale ilipoishia. Kwenye YouTube shusha ubora mpaka 240, inatosha kabisa kukagua kama ndiyo yenyewe. Kwa kuchezea weka programu ya VLC, ni ya bure na inafungua karibu kila aina ya faili, wengi wanasema video imeharibika kumbe programu ya simu ndiyo haiijui. Ukimaliza hamishia kwenye fleshi na memori kadi, sehemu mbili, sio moja. Oktoba 2024 archive.org ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao ikazimika siku kadhaa, nilikuwa na kipindi cha Form Three wiki ile na kilichoniokoa ni fleshi ya GB 16 iliyoko kwenye droo.

Kwenye jina la faili usiache yale matarakimu. Andika mwaka kwanza, mahali, halafu chanzo, kwa mfano 1948-kongwa-karanga-pathe. Baada ya mwaka mmoja utanishukuru, folda inajipanga yenyewe kwa miaka.

HATUA YA NNE: usiamini maandishi, amini unachokiona

Video nyingi za zamani zina maelezo ya uongo, mengine ya bahati mbaya mengine ya makusudi. Utakuta imeandikwa Tanganyika kumbe ni Kenya, imeandikwa 1950 na nyuma kuna gari la miaka ya 60. Sikuhizi tena kuna hizi zinazotiwa rangi na kompyuta na nyingine zimetengenezwa zote na kompyuta, hazikuwahi kupigwa popote. Mimi nakagua hivi: natafuta video hiyo hiyo kwenye tovuti ya mwenye mkanda, Pathé kwa mfano kila filamu ina namba yake na tarehe. Kama mwenye mkanda hajulikani naiweka pembeni. Halafu naangalia vitu vya nyuma, namba za magari, mabango, bendera, mibuyu, umbo la mlima. Mtu anaweza kudanganya maandishi lakini mlima wa Simba pale mjini hauhami.

Na sikiliza sauti kwa kutofautisha. Sauti ya mtangazaji iliwekwa baadae, studio, na mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga huku. Picha ni ushahidi wa kilichokuwa mbele ya kamera, sauti ni ushahidi wa walichotaka watu wa kwao waamini. Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha kwanza bila sauti, waandike wanachokiona, ndipo nawafungulia sauti. Mradi wa karanga, ule wa serikali ya Uingereza pale Kongwa, ndio mfano ninaoutumia, kwenye sauti zile kila kitu kinakwenda vizuri, ni ushindi, jangwa linageuka chakula. Kwenye historia mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, kazi ikaanza 1947, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, mvua zikagoma, vyuma vikakatika, mpaka vifaru vya vita viligeuzwa matrekta bado mibuyu ikashinda, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaachana nao, pauni milioni 36 zimeondoka. Mtoto akiona picha ile ya matrekta akasikia na sauti ile halafu akasoma hizo namba, hahitaji mimi nimfafanulie propaganda ni nini.

HATUA YA TANO: bure ya kutazama na bure ya kutumia ni vitu viwili

Hii nitasema kwa kifupi. Kuona video bure YouTube haimaanishi unaweza kuikata ukaweka kwenye filamu yako ya kuuza. Pathé na AP wanakuachia utazame lakini kutumia kibiashara unalipia leseni. Zilizo huru kabisa ni zile ambazo hakimiliki imeisha au mwenyewe ameziachia, kwa Marekani filamu inakuwa huru baada ya miaka 95 na kila Januari mosi mwaka mmoja unaongezeka, na sinema za habari za kampuni ya Universal walizikabidhi kwa hifadhi ya taifa ya Marekani ziwe za umma. Soma sehemu ya haki chini ya video. Darasani na nyumbani onyesha bila wasiwasi, ila ukitaka kupandisha kwenye chaneli yako uliza kwanza.

HATUA YA SITA: mpelekee mzee

Hii kwangu ndiyo yenyewe, hizo tano zote zilikuwa maandalizi.

Desemba iliyopita nilikwenda Kongwa na laptopu imejaa chaji na video moja fupi ya karanga, nyeusi na nyeupe, dakika mbili na ushee. Babu yetu kule alikuwa mtoto wa kuchunga wakati ule, alikuwa anapeleka maziwa kambini. Nikaiweka laptopu juu ya kigoda chini ya mwarobaini, nikafunika pembeni na kanga ya mama maana jua lilikuwa linapiga kwenye kioo huoni kitu. Akatazama mara ya kwanza kimya. Makatapila mawili yanavuta mnyororo katikati, miti inalala kama majani, halafu wanaonyeshwa wanaume wamesimama pembeni wanaangalia, mtangazaji hawataji. Mara ya pili akasema simamisha. Nikasimamisha. Akasogeza uso mpaka karibu na kioo akaweka kidole kwenye mwanaume wa tatu kutoka kushoto, akasema angalia sikio. Mimi nilikuwa nimeitazama video hiyo zaidi ya mara kumi sikuwahi kuona sikio. Limetobolewa, ndewe inaning'inia kubwa, wa pembeni yake hana. Akasema huyu ni wa kwetu, huyu mwengine ametoka mbali amekuja kutafuta kazi, uone na anavyosimama, huyu hajazoea jua la Ugogo. Akaendelea kueleza wakati ule hela ilivyoingia, yai na kuku vikapanda bei mpaka wenyeji wakaacha kula vya kwao wakawa wanauzia wazungu, akaeleza njaa iliyokuja nyuma yake. Dakika mbili za video zimetoa saa nzima na nusu ya maneno ambayo hayako kwenye leja ya London.

Kwahiyo fanyeni hivi. Pakua kabla hujaondoka mjini, kijijini mtandao usiutegemee. Omba ruhusa kwanza ya kumrekodi, na umwambie ukweli unaonyesha nini, kuna wazee picha hizi zinawaumiza, akisema zima basi zima. Mwonyeshe bila sauti. Usimuulize "hii ni Kongwa?" maana mzee kwa heshima atakubali, muulize "hapa ni wapi?" halafu nyamaza. Simu nyingine iwe inarekodi sauti yake pembeni. Kila akisimamisha andika dakika na sekunde kwenye daftari, mfano wangu umeandikwa hivi: 1:12, wa tatu kushoto, sikio limetobolewa, Mgogo. 1:31, mti uliolala ni mkakatika sio mbuyu. 1:50, kilima cha nyuma anakijua, ana jina lake la Kigogo, niulize tena.

Hiyo ya 1:50 bado sijaipata vizuri, alilitaja jina mara moja upepo ukapita kwenye rekodi. Mvua zikikatika narudi.